Aliyeandika Kuhusu Kompyuta Akatajirika

Leo, msikilizaji wangu wa Nakuru, nataka tuzungumze juu ya kazi moja ambayo watu wengi hawajui kwamba ni kazi, na hata wanaoijua hawaamini kwamba inalipa.

Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kilipewa dola milioni 100 za Marekani. Chuo hicho ni cha karne nyingi. Kimepokea fedha za wafalme, za maaskofu na za wenye viwanda, lakini hakikuwa kimepata mchango mkubwa kiasi hicho kutoka kwa mtu mmoja. Na huyo mtu hakuwa na kisima cha mafuta wala mgodi wa dhahabu. Alikuwa mwandishi wa vitabu vya kompyuta na mshauri wa makampuni. Jina lake James Martin.

Najua umeanza kujiuliza Mwingereza huyo ana uhusiano gani na Bonde letu la Ufa. Nivumilie kidogo, tutafika.

Martin alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Ashby-de-la-Zouch, akasomea fizikia huko huko Oxford, katika Keble College, na mwaka 1959 akaajiriwa na kampuni ya IBM. Wakati huo kompyuta zilikuwa mitambo ya kujaza chumba, na zilifanya kazi kwa mafungu. Unakusanya kadi zilizotobolewa, unazipeleka kwenye mtambo, unasubiri, na jibu unalipata baadaye, pengine kesho yake.

Mkulima wa pareto wa huku kwetu hahitaji kuelezwa zaidi maana ya kazi ya mafungu. Maua yalichumwa kwa mkono, yakakaushwa, yakatiwa kwenye gunia, yakapimwa, yakasafiri hadi Nakuru kwenye kiwanda cha Bodi ya Pareto. Pale yalipimwa tena kwenye maabara, kwa sababu mkulima hakulipwa kwa uzito peke yake, alilipwa kulingana na nguvu ya dawa ya kuua wadudu iliyomo ndani ya maua. Maua ya majirani wawili yenye uzito sawa yangeweza kuleta fedha tofauti. Sasa hebu fikiria makaratasi yake: jina la chama cha ushirika, namba ya mkulima, kilo, kipimo cha maabara, makato, na ndipo malipo. Hesabu hiyo ilikwenda hatua kwa hatua, na mwenye maua alikaa nyumbani akisubiri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika miji ya kilimo kama huu wetu daftari ndilo lililokuwa mtambo wenyewe.

Martin aliingia IBM wakati mitambo inaanza kufundishwa jambo jipya, nalo ni kujibu papo hapo. Karani wa shirika la ndege anauliza kama kiti kipo, na mtambo ulio mji mwingine unamjibu mteja angali amesimama pale pale. Leo hilo halimshangazi hata mtoto wa chekechea. Miaka ya 1960 wahandisi wenyewe walikuwa wakikuna vichwa. Laini ya simu ikikatika katikati ya shughuli inakuwaje? Makarani wawili wakiuza kiti kimoja kwa dakika ile ile, nani amekipata? Mtambo ukizimika, daftari lake linabaki wapi?

Martin aliyakusanya maswali hayo na majibu yake akayatia kitabuni. Kitabu chake cha mwaka 1965 kilihusu kuandika programu za mitambo ya kujibu papo hapo, cha mwaka 1967 kilihusu namna ya kuibuni mitambo hiyo, na mwaka 1969 akatoa kikubwa juu ya ndoa ya simu na kompyuta. Hakuwa mvumbuzi. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu magazeti hupenda kumwita kila mtu mvumbuzi. Kompyuta hakuibuni yeye, wala simu, wala ghala la data. Alichofanya ni kukaa karibu na wabunifu, kuwasikiliza, na kuyaandika maneno yao kwa lugha ambayo meneja wa benki angeisoma bila kuita mkalimani. Vitabu vyake vilijaa michoro. Miaka ya 1980 alishirikiana na Carma McClure wakatoa kitabu kizima kuhusu namna ya kuichora kazi ya kompyuta kabla ya kuifanya.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliondoka IBM akajitegemea. Akawa anazunguka dunia akitoa semina za siku kadhaa, na makampuni yakilipa fedha nyingi ili wakuu wao wakae mbele yake na kalamu mkononi. Akaanzisha kampuni ya ushauri iliyobeba jina lake. Akaendelea kuandika, kitabu baada ya kitabu, hadi vikapita mia moja. Baadaye alinunua kisiwa kidogo huko Bermuda, akaishi humo, na ni katika maji ya huko alikokutwa amefariki mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 79.

Sasa turudi nyumbani.

Mwaka 1970, mwaka mmoja tu baada ya kile kitabu cha simu na kompyuta, kituo cha setilaiti kilifunguliwa chini ya Mlima Longonot. Ukishuka kutoka Limuru kwa barabara ya Mai Mahiu, bonde likakufungukia, utayaona yale madishi makubwa meupe yamekaa kwenye tambarare kama sufuria zilizoanikwa juani. Dishi la kwanza lilikuwa na kipenyo cha karibu mita 30. Lilizungumza na setilaiti iliyokuwa juu ya Bahari ya Hindi, na kwa njia hiyo Afrika Mashariki ikapata simu ya moja kwa moja na picha za televisheni kutoka ng'ambo. Kabla ya hapo, sauti ya kwenda Ulaya ilisafiri kwa mawimbi mafupi ya redio, ikipanda na kushuka kwa kadiri hali ya anga ilivyotaka.

Elewa basi kwamba jambo ambalo James Martin alikuja kuwauzia wakuu wa makampuni kule London na New York kama habari za kesho lilikuwa tayari limesimikwa kwa saruji na chuma hapa Bonde la Ufa. Wafugaji walipitisha ng'ombe karibu nalo. Kulikuwa na watu wetu mle ndani, mafundi walioingia zamu za usiku, walioangalia mishale ya mitambo, waliojua dishi linafanya nini mvua kubwa inaponyesha. Maarifa yao hayakuwa madogo kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kuitisha semina. Tofauti ni kwamba walipostaafu, waliyojua waliondoka nayo.

Mwaka 1978 Martin alitoa kitabu kilichomfanya ajulikane hata na watu wasiogusa kompyuta, kiitwacho The Wired Society. Alieleza jamii ambayo fedha zitahamishwa kwa umeme, barua zitafika bila bahasha, watu watafanya kazi wakiwa nyumbani, na habari itaitwa pale mtu anapoihitaji. Kitabu hicho kilipendekezwa kwa Tuzo ya Pulitzer. Ukikisoma leo ukiwa Nakuru, jambo linalokugusa ni jinsi alivyoipata picha kubwa na kuikosa sura yake. Yeye aliwafikiria watu wa mijini wenye televisheni sebuleni na waya ukutani. Hakumfikiria mama muuza viazi pale Molo, anayelipwa na dereva wa lori kwa simu ya vibonye, lori likiwa bado linapakiwa.

M-Pesa, huduma yetu ya kutuma fedha kwa simu, ilianza Machi 2007, na nchi tajiri zikaja kujifunza kwetu. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa miaka kadhaa, sava za M-Pesa zilikuwa Ujerumani, na hazikuhamishiwa Kenya hadi mwaka 2015. Ukimtumia shemeji yako shilingi 500 kutoka Bahati kwenda Rongai, safari fupi ya matatu, hesabu ya fedha hizo ilikwenda Ulaya kwanza ikarudi. Martin angeifurahia hadithi hiyo. Ndiyo hasa aliyokuwa akiwaambia wateja wake, kwamba umbali utakoma kuwa na maana. Ila wanaoisimulia katika vitabu leo, wengi wao ni wageni waliokuja kwa wiki chache, wakakaa hotelini, wakaondoka na kurasa mia tatu. Mgeni njoo mwenyeji apone, tumezoea kusema. Katika mambo ya kompyuta mara nyingi anayepona ni mgeni.

Si kwamba sisi hatukuwa na waandishi. Nitakueleza niliyemjua kwa kazi yake, ingawa jina lake silijui.

Katikati ya miaka ya 1990, ghorofani katika majengo ya Nakuru mjini, kulichipuka vyuo vya kompyuta. Tuliviita vya pakeji. Ulipanda ngazi, ukafika mlangoni, ukavua viatu. Wasikilizaji vijana watacheka, lakini waliopita huko wanajua kwamba sisemi uongo. Kompyuta iliheshimiwa kuliko msala. Vumbi la mji huu, hasa ziwa lilipokauka na upepo wa alasiri ukaanza, lilihesabiwa kuwa adui wa mashine, kwa hiyo tuliingia kwa soksi, na mwenye soksi iliyotoboka akajificha mstari wa nyuma. Kila kompyuta ilikuwa na kitambaa chake, kimeshonwa na fundi cherehani kwa vipimo, chenye pindo la maua. Unakivua kwa adabu, unakikunja, ndipo unawasha. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, na kialama kinachopepesa kikikungoja uandike amri.

Pakeji zenyewe ndizo programu tulizofundishwa: WordPerfect ya kuandikia, Lotus 1-2-3 ya hesabu na dBase ya kutunza kumbukumbu. Kifaa cha kuchapishia kilipiga kelele kama mtu anayepasua kitambaa. Na kitabu? Kitabu hakikuwepo. Tulipewa daftari la kurasa zilizopigwa fotokopi, limebanwa kwa waya wa plastiki, lenye maelezo ya kila pakeji hatua kwa hatua: bonyeza hiki, kisha kile, ukikwama bonyeza hiki utoke. Kiingereza chake kilikuwa kifupi, cha amri, na mifano yake ilikuwa ya huku: orodha ya mishahara ya wafanyakazi wa shamba, barua ya kuomba kazi kwa meneja wa hoteli, hesabu ya mifuko ya mahindi. Mtu fulani alikaa akayafikiria hayo. Alijua msichana aliyetoka kidato cha nne Subukia ataelewa nini na atakwama wapi. Daftari hilo lilifotokopiwa likafotokopiwa tena hadi herufi zikafifia, na jalada lake halikuwa na jina la mwandishi.

Ninavyoona mimi, huyo ndiye mwandishi wa kwanza wa kompyuta katika mji wetu. Alifanya kazi ile ile ya James Martin kwa watu walioihitaji zaidi. Hakupata hata shilingi ya hakimiliki.

Na wanafunzi wake walitimiza jambo ambalo Martin alilitabiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitoa kitabu kuhusu kutengeneza programu bila wataalamu wa programu. Wataalamu walikasirika sana. Hoja yake ilikuwa kwamba mahitaji yanakua haraka kuliko idadi ya wataalamu, kwa hiyo lazima watu wa kawaida wapewe zana za kujifanyia wenyewe. Basi nenda kwenye ofisi yoyote ya duka la vifaa vya ujenzi ya wakati ule, ukamkute karani aliyehitimu pakeji. Alipanga safu na mistari ya Lotus, akaweka kanuni ya kukata kodi na ya kujumlisha saa za ziada, na mwisho wa mwezi mishahara ikatoka sawasawa. Hakujiita mtaalamu wa programu. Lakini alikuwa ametengeneza programu, na ilifanya kazi, na ikiharibika alijua pa kugusa.

Hata hivyo nisimpambe mno mzee Martin, wala wenzake. Kazi ya ushauri ina ugonjwa wake. Mshauri hulipwa kwa kusema yajayo, na yajayo yakiwa ya kawaida hakuna anayekata tikiti ya semina. Kwa hiyo yajayo hutiwa chumvi. Mwenzake Martin, Mmarekani Edward Yourdon, aliyeingia kazini miaka ya 1960 na akawa mmoja wa walimu wakubwa wa namna ya kupanga programu, alitoa kitabu mwaka 1992 kilichotangaza kuanguka kwa mtengeneza programu wa Marekani. Miaka minne baadaye akatoa kingine kutangaza kufufuka kwake. Mwaka 1998, yeye na binti yake wakaandika juu ya bomu la mwaka 2000, ile hitilafu ya tarehe iliyohofiwa kwamba ingezima benki, umeme na ndege saa sita usiku wa kuamkia mwaka huo.

Mnaukumbuka usiku ule. Watu walijaza maji kwenye madebe, wengine wakatoa akiba benki. Kulipokucha, taa zilikuwa zinawaka, isipokuwa pale zilipokatika kwa sababu zetu za kawaida. Ni kweli kwamba kazi kubwa ya kurekebisha mitambo ilikuwa imefanyika duniani kabla ya siku hiyo, na si haki kusema hofu yote ilikuwa ya bure. Lakini zipo fedha nyingi zilizolipwa kwa hofu tupu. Leo, kila unapomsikia mtu jukwaani akikwambia kwamba akili bandia itamaliza kazi zote ndani ya miaka mitano, mwulize kwanza anauza nini.

Na ushauri mbaya unaweza kugharimu nchi nzima. Jirani zetu Tanzania walipata kompyuta ya kwanza ya serikali mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mambo hayakwenda vizuri. Walitegemea wataalamu wa kigeni, hesabu zikavurugika, na ikabidi kurudi kwenye kazi ya mikono. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wafanyabiashara na wahasibu walioishi kipindi hicho wanasema nchi ilichelewa miaka mingi.

Lakini tazama jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifanya niketi mbele ya kipaza sauti leo. Sisi tunaijua hadithi hiyo ya Tanzania kwa undani, na tunaijua kwa sababu mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Klodwig Mgaya, aliketi akaiandika. Andiko lake lilitoka mwaka 1994 katika kitabu cha Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa chenye taarifa za nchi nne: Ireland, Ethiopia, Nigeria na Tanzania. Kenya haimo. Nchi iliyokuwa na kituo cha Longonot tangu mwaka 1970 haimo, na nchi iliyopiga kompyuta marufuku imo, tena imeeleza kosa lake waziwazi ili wengine wasilirudie. Mimi naona huo ni ujasiri, na ni manufaa makubwa kuliko sifa.

Baadaye wenzetu wa Kenya nao waliamka. Kompyuta ilipoingia shule za sekondari, S. Mburu na G. Chemwa waliandika vitabu vya somo hilo vilivyotolewa na Longhorn, na vijana wengi waliosoma somo hilo Nakuru walianzia humo. Katika vyuo vikuu, mtandao wa KENET ulianzishwa mwaka 1999 ili kuviunganisha vyuo, kikiwemo Egerton pale Njoro. Maprofesa Meoli Kashorda na Timothy Waema wakafanya kazi ambayo naiheshimu sana: kuanzia mwaka 2006 walipima na kupima tena jinsi vyuo vyetu vilivyo tayari kutumia kompyuta na intaneti, wakaandika ripoti, wakazitoa hadharani. Hao ni waandishi na washauri kwa maana kamili. Ripoti zao zilisema ukweli usiopendeza, kwamba intaneti yetu ilikuwa ghali na finyu. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, na mambo yakaanza kubadilika. Nyaya hizo hizo ndizo zilizoyapunguzia kazi yale madishi ya Longonot.

Lakini ripoti za maprofesa huzungumzia vyuo. Ni nani aliyeandika juu ya mashamba ya maua ya Naivasha, ambako waridi hukatwa asubuhi na huwa lazima lifuatwe kwa namba hadi mnadani Uholanzi? Juu ya vyama vya maziwa vilivyohama kutoka kitabu cha kalamu hadi mizani inayotuma ujumbe kwa simu ya mkulima? Juu ya yule fundi aliyekuwa katika kila mji, mwenye mkoba wa disketi, aliyeitwa kuua virusi na akaishia kumshauri mwenye duka anunue mashine gani na aachane na ipi? Huyo fundi alikuwa mshauri. Alilipwa kwa chai na mia tano, na ushauri wake mara nyingi ulikuwa mzuri kuliko ule wa ripoti iliyotoka Nairobi na kuishia kabatini.

Haya, sasa yanakuja makubwa zaidi. Mei 2024 kampuni ya Microsoft na G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa dola bilioni 1, ukiwemo ujenzi wa kituo cha data pale Olkaria, kitakachotumia umeme wa mvuke wa ardhini, kwa kuanzia na megawati 100. Olkaria, msikilizaji, ndani ya kaunti yetu. Mtambo wa kwanza wa mvuke pale ulianza mwaka 1981 ukiwa na megawati 15 tu. Kwa hiyo kituo kimoja cha kompyuta kimepangiwa kula zaidi ya mara sita ya umeme ambao Olkaria ilianza nao. Mpango si jengo, na tumeona mipango mingi. Lakini huu ukitimia, maswali yatakuwa ya watu wa hapa. Maji ya kupoza mitambo yatatoka wapi? Vijana wangapi wa Naivasha wataajiriwa, na kwa kazi gani, za kulinda lango au za kulinda data? Jamii zinazoishi jirani na visima vya mvuke zitaambiwa nini, na kwa lugha gani?

Washauri wa mpango huo watakuja na ndege, na ripoti zao tutaletewa. Nami ombi langu haliwahusu wao, linakuhusu wewe.

Wewe uliyefanya zamu za usiku Longonot. Wewe mama uliyetoboa kadi katika ofisi ya hesabu na ukafundishwa kutazama kadi juani ujue kosa liko wapi. Wewe uliyefundisha pakeji ghorofani, na zaidi wewe uliyeandika lile daftari la fotokopi. Nunua daftari la kurasa mia. Andika mwaka, aina ya mashine, ilikuwa inafanya nini, ilipoharibika mlifanyaje, nani alishauri vizuri na nani aliwadanganya. Kiswahili kinatosha, Kikuyu kinatosha, Kikalenjin kinatosha. Nakala moja baki nayo, nyingine peleka kwenye maktaba ya umma ya Nakuru au maktaba ya chuo kilicho karibu nawe. Na safari hii, tafadhali, andika jina lako kwenye jalada.